Mafunzo ya kujihami kwa wanandoa hapa Mwanza: kabla hujalipa, uliza nani atamkaba mkeo

Malalamiko yanayonifikia kuhusu madarasa ya kujihami yanafanana mno. Mke na mume wanalipia pamoja, wanahudhuria, wanapewa cheti chenye picha ya ngumi, halafu siku moja mke anamwambia shemeji yake, kijana wa mizaha, "hebu nikabe tuone." Shemeji anakaba kweli. Dada mmoja wa Nyakato aliniandikia kwamba alibaki anahangaika ndani ya kabali ya shemeji yake mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuuliza kulikoni.

Kwa hiyo usafi wa ukumbi, saa za vipindi na umbali kutoka kituo cha daladala mtajikagulia wenyewe. Mimi nina swali moja: humo darasani, nani anamshika nani?

Madarasa ya wanandoa niliyochungulia yanampanga mume na mkewe, mwanzo wa kipindi mpaka mwisho. Jioni moja Kirumba, kwenye ukumbi wa sakafu ya saruji na vipande viwili vya sponji, mwalimu alisema, "Mshike mkono kwa nguvu." Mume akamshika mkewe kwa vidole vitatu, kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto. Mke akazungusha mkono kuelekea upande wa dole gumba, ukachomoka, watu wakapiga makofi. Mbinu yenyewe ni sahihi, maana mshiko wa mkono mmoja ni dhaifu upande wa dole gumba. Ila pale mume aliachia mwenyewe, na kila aliyekuwepo aliona.

Nikamwomba mwalimu ampange yule dada na kijana mwingine, mbeba mizigo wa Mwaloni aliyekuja kwa mazoezi yake mwenyewe. Aliposhika, bangili ya dada ilizama kwenye ngozi. Akazungusha mara ya kwanza, ya pili, akageuza mwili mzima, mkono umeganda palepale. Mara ya kwanza alicheka. Ya tatu hakucheka. Mwalimu akanivuta pembeni: "Dada yangu, nikiwabadilisha hivi, wiki ijayo wanaume hawarudi. Wivu."

Namwelewa, ana kodi ya ukumbi. Lakini akina baba, tusemezane. Kibaka anayempiga mkeo roba kwenye ngazi za mawe kule Igogo au Mabatini, saa mbili usiku umeme umekatika, hatamshika kwa vidole vitatu. Kama kinachokusumbua ni mwanamume mwingine kumgusa, tafuta darasa lenye wanawake wengi, apangwe na dada mzito kuliko yeye, mwenye nguvu na asiye na huruma ya ndoa. Hata wewe mume unapunjika. Umezoea kukabwa na mtu anayekufikia kifuani na anayeogopa kukuumiza, kisha unatembea barabarani ukijiona umefuzu.

Kuna ushahidi unaonipa nguvu ya kusema haya. Nchini Kanada, mtafiti Charlene Senn na wenzake waliwafundisha wanafunzi wa kike wa chuo kikuu, wanawake peke yao, kwa saa 12 tu: kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti, kisha kupambana kwa mwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Ndani ya mwaka mmoja, ubakaji miongoni mwa waliofundishwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 46 kuliko kwa wenzao waliopewa vipeperushi. Sehemu kubwa ya mafunzo ilimhusu mwanamume wanayemfahamu. Sasa niambie mwanamke atajifunzaje hilo mume akiwa ndiye mwenza wake wa mazoezi kila kipindi. Hata kwa ndoa yenye amani, mke apate vipindi kadhaa bila mume. Mwalimu anayekataa hilo mruke.

Sasa mpangilio wangu wa michezo yenyewe, kuanzia ninaoupenda zaidi. Simtaji mwenye klabu, maana klabu moja hupanda na kushuka kutegemea nani anafundisha mwaka huo.

Namba moja ni judo, mchezo wa kushikana na kuangushana, na sifichi upendeleo wangu. Kano Jigoro alipoianzisha Tokyo mwaka 1882, aliziondoa kwenye mapambano ya mazoezi zile mbinu za kale za kuvunja na kujeruhi, ili wanafunzi waweze kushikana kwa nguvu zao zote na kesho warudi wakiwa wazima. Mazoezi hayo ya kupambana huru huitwa randori, na desturi yake ni kubadilisha wenza: ukimaliza na huyu unainama, unakwenda kwa yule. Tatizo ninalolilalamikia hapa linakuwa limetibiwa na mchezo wenyewe. Ukimvuta mtu asiyetaka kuvutwa, unajua papo hapo kama mbinu yako inafanya kazi. Halafu kuna kuanguka. Mwanzoni utachoka kwa kuangushwa na kuinuka: kidevu kimebanwa kifuani, mkono unapiga mkeka, kichwa hakigusi chini. Mji wetu huu umejengwa juu ya mawe. Mtu akisukumwa kwenye kichochoro cha Bugando, kuanguka vizuri kunaweza kumwokoa kuliko ngumi yoyote.

Na si mchezo wa wageni. Zanzibar una mizizi ya miaka mingi, na Andrew Thomas Mlugu ameiwakilisha Tanzania kwenye judo ya Olimpiki, Rio 2016 na Paris 2024. Kasoro zake ninazikubali: haifundishi kupiga wala kukwepa ngumi, na bila mikeka halisi ni kuvunjana mabega. Pia haina matangazo kama karate. Uliza askari waliocheza kwenye timu za vikosi vyao, ndio wanaojua nani anafundisha na wapi. Kama ni lazima mvuke jiji kutoka Buhongwa mpaka Ilemela, vukeni.

Namba mbili, ngumi. Kambi ya ngumi haina adabu za kuachiana. Ukishusha mikono unaguswa pua, na somo hilo mume wako hawezi kukufundisha. Faida yake kubwa kwa mwanamke ni kuzoea kupigwa bila kuganda. Sharti langu ni kofia ya kinga, kinga ya meno, na kocha anayezuia mapigo mazito ya kichwa. Ubongo wako ni wa kufanyia kazi Jumatatu. Lakini ukishakabwa kwa nyuma, ngumi haina jibu kubwa.

Karate naiweka ya tatu, na najua mtanitukana. Ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi, na ipo nzuri sana. Ila nenda kaangalie kipindi kizima kabla ya kulipa. Kama kuanzia mwanzo hadi mwisho ni kupiga hewa kwa mistari huku mnahesabu kwa Kijapani, mtapata afya na nidhamu, basi. Mkikuta wanapambana na kugusana kweli, kama wanavyofanya watu wa mtindo wa Kyokushin, na wasichana wanapangwa na yeyote, ipandisheni hadi namba mbili.

Krav maga, mfumo wa kujihami wa Kiisraeli, ni ya nne. Asili yake ni ya heshima: Imi Lichtenfeld aliianza mitaa ya Bratislava miaka ya 1930, akilinda jamii yake dhidi ya magenge, kisha akaiendeleza katika jeshi la Israeli. Shida yangu ni wanaoiuza. Kila mwenye suruali ya madoadoa anaweza kuandika jina hilo kwenye bango. Na wengine wanafundisha "mpige mpaka asinyanyuke" bila kutaja kwamba Kanuni ya Adhabu inataka nguvu unayotumia kujihami iwe ya kadiri. Kibaka amelala, unaendelea kumkanyaga, utajieleza kituoni wewe.

Taekwondo, mchezo wa mateke, wapelekeni watoto. Semina ya Jumamosi moja ni picha za WhatsApp. Video za bure zinaishia kwenye vidole vitatu vilevile, sebuleni.

Na hizi bei! Unauliza ada kwa adabu, hadharani, unajibiwa "njoo inboksi." Ukienda, unaulizwa kwanza unaishi wapi. Ukisema Capri Point inapanda, ukisema Igoma inashuka kidogo. Kuna "ofa ya wapendanao" ambayo nilipoipigia hesabu ilikuwa ghali kuliko mtu na mtu kulipa kivyake, kwa sababu ndani wamechomeka T-sheti mbili za lazima. Mkanda wa njano una ada ya mtihani, wa kijani una ada, na mitihani inakuja haraka kuliko ujuzi. Msomaji wangu mmoja alilipa miezi sita kwa mkupuo, mkewe akapata ujauzito mwezi wa pili, akaambiwa pesa hairudi lakini "mtoto akizaliwa mlete, tutampa punguzo."

Lipeni mwezi kwa mwezi, kwa risiti. Na siku ya kwanza, kabla simu haijatoa muamala, mwambieni mwalimu: leo tutenganishe. Akisitasita, mmeokoa hela ya T-sheti.