Dakika 12 za Debussy: uzoefu wangu na CD ya Rostropovich na Britten

Mwanzoni niliisikiliza kwenye simu, kwa programu ya bure, nusura niiache. Sonata (utungo wa ala, bila kuimba) ya Debussy, mtunzi Mfaransa, ya sello (ala ya nyuzi kama fidla kubwa) na piano ina sehemu tatu, na ile ya pili haina kituo: inaingia moja kwa moja kwenye ya tatu, ndivyo mwenyewe alivyoiandika. Basi programu ilipofika palepale penye kiungo ikachomeka tangazo la mikopo. Nilikasirika kwelikweli. Shemeji yangu alikuwa anajiandaa kurudi kutoka Uingereza, nikamwomba anitafutie CD. Akaniletea ya mtumba, kava limechubuka pembeni lakini CD yenyewe haina mkwaruzo hata mmoja.

Nina miezi mitatu nayo. Ni ya kampuni ya rekodi ya Decca: kwenye sello yupo Mstislav Rostropovich, Mrusi, na kwenye piano Benjamin Britten, Mwingereza ambaye wengi wanamjua zaidi kama mtunzi. Mtunzi Schubert yumo, na vipande vitano vya mtunzi mwingine, Schumann, vimo. Vizuri vyote, ila hela yangu niliitoa kwa ajili ya Debussy, iliyorekodiwa London mwaka 1961.

Debussy aliitunga kiangazi cha 1915 huko Pourville, pwani ya Normandy, Ufaransa ikiwa vitani na yeye mwenyewe akiugua saratani. Alikusudia kutunga sonata sita za ala mbalimbali, akajaliwa kumaliza tatu tu, akafariki mwaka 1918. Nilipoyajua hayo nilijiandaa kusikia kilio. Sikukisikia. Piano inafungua kwa sauti ya mtu mwenye hadhi yake, sello inapokea, na kwa kama dakika 12 huwezi kubashiri sentensi inayofuata itaishia wapi.

Sehemu ya pili, Sérénade, ndiyo iliyoniteka. Rostropovich anaacha upinde, anadonoa nyuzi kwa vidole. Mimi nimelelewa na taarab, na mara ya kwanza nilishtuka: ni kama mpiga udi anayejaribu ala yake kabla shughuli haijaanza. Anadonoa, anasita, anatelezesha kidole juu ya uzi mpaka sauti inapinda. Sello si ngeni kwetu, vikundi vya taarab vya Zanzibar vimekuwa nayo miaka mingi ikibeba sauti nzito chini ya fidla. Lakini sikuwahi kuisikia ikiachiwa nafasi ijisemee namna hii, mara inabembeleza, mara inanuna.

Na Britten! Debussy alimwachia mpiga piano agizo, asipigane na sello bali aisindikize, na Britten amelishika. Wakati sello inadonolewa, piano inajibu kwa noti fupi, kavu, zinazokatwa mara tu zinapoguswa. Angezidisha nguvu kidogo tu, tungempoteza mwenzake. Nimesikia rekodi nyingine mbili za sonata hii, zenye sauti safi kuliko hii, na kote piano inasukumana na sello. Kwangu hapo ndipo hii inapozishinda.

Kwa atakayeinunua: usiisikilize kwenye spika ndogo ya bluetooth, Sérénade yote itamezwa. Mimi nangoja saa nne usiku, watoto wamelala, navaa hedifoni na kuzima feni, maana kuna noti ndogo sana ambazo feni inazifunika. Utasikia mvumo mwembamba wa rekodi ya zamani, lakini sello ikiingia tu utausahau. Na usiitumie kama muziki wa kuoshea vyombo, haitakupa kitu.

Ukikutana na santuri yenyewe ya zamani, angalia nyuma ya kava. Mle hakuna Schubert, kuna sonata ambayo Britten alimtungia Rostropovich, na wanaipiga wenyewe wawili. Hiyo bado sijaipata. Shemeji anasafiri tena Desemba, nimeshamwandikia jina kwenye karatasi.