Uzoefu wangu: darktable na diski za nje katika kazi ya picha za harusi

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikizihariri kwa darktable na kuzihifadhi kwenye diski za nje zinazopatikana Kariakoo. Wapiga picha wenzangu wengi huniuliza iwapo programu ya bure inaweza kubeba kazi ya kulipwa. Kwa upande wangu imeibeba vizuri, ingawa inamdai mtu uvumilivu mwanzoni, na ningeichagua tena hata kama ningepewa nyingine ya kulipia.

darktable ni programu huria iliyoanza mwaka 2009, na tangu toleo la 2.4 lililotoka mwishoni mwa 2017 inafanya kazi pia kwenye Windows. Haidai malipo ya kila mwezi, wala haihitaji bando ili ifunguke. Kwa mtu ambaye kipato chake hupanda msimu wa harusi na kushuka wakati wa Kwaresima na mwezi wa Ramadhani, programu isiyojifunga kwa sababu ada imechelewa ni msaada mkubwa.

Nguvu yake kuu inaonekana kwenye mafaili ghafi ya RAW, yaani data ya picha kama kamera ilivyoinasa, kabla haijasindikwa kuwa JPEG. JPEG huhifadhi viwango 256 tu vya mwanga kwa kila rangi ya msingi, ilhali faili ghafi la biti 14 lina viwango 16,384, na tofauti hiyo ndiyo inayookoa picha za ukumbini. Chukua picha ya bibi harusi akiingia ukumbini usiku: shela ni nyeupe pepepe, taa za mapambo ni za zambarau, na uso wake, ambao ndio wenye picha, umebaki gizani. Kwa kifaa cha darktable kinachogawa picha kulingana na kiwango cha mwanga, ninauinua uso peke yake hadi ngozi irudie rangi yake ya kahawia yenye joto, huku nyuzi za shela zikiendelea kuhesabika. Chenga zinazotokana na kupiga kwa ISO 6400 (usikivu wa kamera kwa mwanga ukiwa juu) hupunguzwa kwa vipimo vilivyoandaliwa ndani ya programu kwa aina nyingi za kamera, kwa hiyo ngozi haigeuki kuwa laini kama plastiki. Nimeona wahariri wengi wakiwafanya maharusi wetu kuwa weupe kuliko walivyo, na sikubaliani kabisa na mtindo huo; programu hii inanipa njia ya kuuangaza uso bila kuubadilisha.

Jambo jingine ninalolithamini ni kwamba darktable haigusi faili asilia hata kidogo. Kila hatua ya uhariri huandikwa kwenye faili dogo la XMP linalokaa kando ya picha, lenye uzito wa kilobaiti chache tu, na JPEG mpya huzaliwa pale tu ninapoamua kuitoa. Familia ikirudi baadaye ikiomba picha ileile kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa mfano ya mzee aliyekwisha kufariki, ninaanza na faili lilelile lililotoka kwenye kamera.

Upungufu upo. Vifaa vya uhariri ndani ya programu ni vingi mno kwa mgeni, baadhi vinafanya kazi zinazokaribiana, na mpangilio wake haumwongozi mtu asiyejua kwa nini hatua moja hutangulia nyingine. Kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 8 isiyo na kadi ya grafiki inayojitegemea, kila kitelezi kinachosogezwa hufuatwa na kusubiri. Nilipohamia yenye GB 16 na kadi yake ya grafiki, kazi ilianza kwenda kwa mwendo wa kawaida. Kuondoa nyaya za spika au mtu aliyekatiza nyuma ya maharusi bado ninakufanya kwenye GIMP, programu nyingine ya bure ya kuhariri picha.

Sasa nije kwenye uhifadhi, ambao kwa maoni yangu una uzito zaidi ya uhariri, kwa sababu harusi hairudiwi. Faili ghafi moja la kamera ya megapikseli 24 huwa na takribani MB 25 hadi 30, hivyo sherehe kubwa hufikia GB 40 kwa urahisi. Diski ya USB 3 hupokea mzigo huo kwa dakika sita au saba, lakini ukiichomeka kwenye tundu la zamani la USB 2, jiandae kusubiri takribani dakika ishirini. Picha ninazozifanyia kazi hukaa kwenye SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, kwa ajili ya kasi. Zilizokamilika huhamia kwenye diski za kawaida za kuzunguka, kwa kuwa SSD ikilala muda mrefu bila umeme, hasa kwenye joto kama letu, inaweza kupoteza chaji inayoshikilia data.

Ninafuata kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iwe mahali pengine. Nakala zangu hulinganishwa kwa programu ya FreeFileSync, nikiiagiza ilinganishe yaliyomo ndani ya mafaili, maana majina na ukubwa vinaweza kufanana ilhali ndani kumeharibika. Diski ya mezani inayotegemea umeme wa ukutani nimeiunganisha na UPS (betri inayoshikilia umeme ukikatika), na nimeiweka katika mfumo wa kupanga mafaili wa NTFS badala ya exFAT, kwa kuwa NTFS hutunza kumbukumbu ya mabadiliko na hivyo hustahimili zaidi umeme unapokatika katikati ya uandishi.

Kabla ya kukiamini kifaa chochote kipya, ninakipima kwa H2testw, programu ndogo iliyotoka kwenye jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Hukijaza kifaa data hadi mwisho, kisha huisoma yote upya. Flashi moja niliyouziwa kwenye duka la mtaani, iliyoandikwa TB 1, ilianza kurudisha makosa ilipovuka GB 32. Flashi za namna hiyo huonyesha nafasi kubwa kwenye kompyuta na hupokea mafaili bila kulalamika, na mwenye nazo hugundua kuwa yameharibika siku anayoyafungua. Muuzaji alinirudishia fedha baada ya kuona matokeo kwenye skrini, kwa hiyo ninapendekeza upimaji ufanyike mapema, risiti ikiwa bado mkononi.

Nakala ya tatu iko kwa dada yangu Kigamboni, ndani ya kopo la plastiki lenye vifuko vya kunyonya unyevu, kwani hewa ya bahari huleta kutu kwenye viunganishi haraka. Mtandaoni ninapandisha JPEG zilizokamilika peke yake, usiku. Kupandisha GB 40 za mafaili ghafi kwa kila harusi kungemaliza bando la mwezi mzima, na gharama hiyo sijaona namna ya kuiingiza kwenye bei ninayowatoza maharusi.