Ratiba yangu ililiwa na kulungu wa Nara

Nyota moja. Ingekuwepo nusu, ningetoa nusu.

Kwanza niwatoe wasiohusika: hekalu la Kofukuji lenyewe, pale Nara, Japani, halijanikosea kitu, wala jumba lake la hazina. Ugomvi wangu ni na kampuni ya matembezi iliyotubeba kwa basi kutoka Osaka, hasa yule muongoza watalii mwenye kibendera cha manjano. Jina naliacha.

Nilikuwa huko kwa mafunzo mafupi, nikapata Jumapili moja ya kupumua. Karatasi ya ratiba tuliyogawiwa asubuhi ilisema jumba la hazina tutakaa saa nzima. Kwa hiyo pagoda ya ghorofa 5 kuikuta imezingirwa na majukwaa ya mafundi hakukuniuma, mimi nilifuata sanamu. Tumefika mlangoni, kibendera kikainuka: dakika 15, choo humo humo.

Nikaenda moja kwa moja kwa Ashura. Asili yake ni jitu la vita kutoka imani za Kihindi, nami nilijiandaa kutishwa. Kumbe huyu aliyetengenezwa mwaka 734 ni kijana mwembamba, nyuso 3, mikono 6, nyusi kazikunja kama mtoto aliyegombezwa mbele ya wageni akakataa kulia. Ndani ni mtupu. Walifunika umbo la udongo kwa vitambaa vilivyolowekwa utomvu wa mti, vikakauka, udongo ukatolewa. Wanasema ana kilo 15 hivi, yaani moto ukizuka mtu anamkumbatia anakimbia naye. Na moto hekalu hili limeonja: mwaka 1180 jeshi la ukoo wa Taira liliteketeza karibu lote. Nikawa nawaza ni nani aliyembeba kijana huyu usiku ule, mara nikavutwa shati.

"Bwana, muda!"

Ukumbi ule hata kikohozi watu wanakimeza. Wote wakageuka kunitazama. Mama mmoja Mkenya wa kwenye basi letu akaninong'oneza, "Kaka, twende tu, huyu atatuacha kweli." Kile kichwa cha shaba cha Buda nilikipita mbio, nikaambulia kuona sikio.

Tulikimbilia wapi? Duka la biskuti za chai ya kijani. Dakika 45, nilizihesabu! Sikununua, na muuzaji hakuwa na neno, ila mwenye kibendera alinikodolea kama niliyekula harusini bila kuchanga.

Nje nikatoa ratiba nimwonyeshe mstari wa tatu. Sasa Nara ina kulungu zaidi ya 1,000 wanaojitembelea watakavyo, na wamezoea kulishwa na wageni. Mmoja akaninyakua karatasi mkononi, akaitafuna, akameza. Muongozaji akacheka mpaka akashika magoti.

Haki nayo isemwe. Ndiye aliyembebea yule mama mkoba kwenye ngazi bila kuombwa, na pengine muda anapangiwa na wakubwa wake. Basi, nyota mbili.

Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu kwa treni, nauli yangu, kiingilio changu mara ya pili. Nikasimama mbele ya kile kichwa. Ni cha mwaka 685, cha hekalu lingine liitwalo Yamada-dera. Watawa wa Kofukuji walikwenda kukichukua kwa nguvu mwaka 1187. Moto wa 1411 ukala kiwiliwili, kichwa kikapotea, hadi 1937 mafundi waliokuwa wakikarabati ukumbi wa mashariki walipokikuta ndani ya kiti cha Buda aliyewekwa badala yake. Miaka 500 na ushei amekaliwa na mrithi wake! Upande mmoja umebonyea, lakini mashavu yamejaa na uso umetulia kabisa, kama hakuna kilichotokea. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi, na hakuna aliyenivuta shati.

Hapo ndipo nilipaswa kupoa. Nikachemka upya. Mtu anakupitisha mbio mbele ya kitu kama hiki ili uwahi biskuti? Narudisha nyota yangu. Moja.

Nimeiandikia kampuni nirudishiwe hela ya kile kiingilio cha pili. Wamejibu kwa adabu nyingi sana: tafadhali ambatisha ratiba. Kwa hiyo kama ulikuwa kwenye basi lile na karatasi yako ilisalimika, nipigie picha ule mstari wa tatu.