Prosesa ya kuediti harusi, picha na kaswida: uzoefu wangu na i5-12400 hapa Tanga

Nianze na jibu, maana wengine mnasoma mkiwa mmeshasimama dukani: kwa kazi zangu Intel Core i5-12400 inanitosha, na sababu kubwa si wingi wa kori, yaani vitengo vya kazi vilivyomo ndani ya prosesa. Ni ile grafiki ndogo iliyomo ndani yake, ambayo wauzaji wengi hata hawaitaji.

Napiga harusi, video na picha, kuanzia Ngamiani mpaka Pangani. Chumba cha uani nimekifanya studio, narekodi vikundi vya kaswida na mara mojamoja waimbaji wa taarabu. Kompyuta ni hiyohiyo moja, na kila kazi inaibana prosesa kwa namna yake.

Video ndiyo iliyonitoa nyumbani kwenda kununua. Kamera yangu ni Sony A7 IV, narekodi H.265 (namna ya kubana video) ya biti 10, 4:2:2 (inayobakiza taarifa nyingi zaidi za rangi). Biti 10 maana yake kila rangi ina ngazi 1,024, wakati biti 8 ina 256. Mpige bibi harusi mwenye shela jeupe kwenye jua la saa nane pale Raskazone, na bahari nyuma yake, halafu jaribu kurekebisha rangi; utaelewa kwa nini nazitaka hizo ngazi. Tatizo ni kwamba faili hizo zimebanwa sana. Fremu nyingi hazihifadhiwi nzima, kinachohifadhiwa ni kile kilichobadilika tu kulinganisha na fremu za jirani. Kwa hiyo kila unaporuka mbele au kurudi nyuma kwenye taimulaini, kompyuta inaanza kuijenga picha upya. Kori za kawaida zikiachiwa kazi hiyo zinahema. Ikiwepo sakiti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo tu, mambo yanakwenda.

Sakiti hiyo Intel wanaiita Quick Sync. Ipo siku nyingi, ila kwa kompyuta za mezani ni kuanzia kizazi cha 11, mwaka 2021, ndipo ilipoweza kufungua H.265 ya 4:2:2. Ya 12400, iliyotoka Januari 2022, inaweza. Ryzen, prosesa za AMD, za wakati huo haziwezi, na kadi za picha za Nvidia zimeanza kuiweza na RTX 50 mwaka 2025. Yaani unaweza kuwa na RTX 3060 mpya kabisa na klipu za kamera yako zikawa bado zinakwamakwama.

Shemeji yangu, ambaye anaijua kompyuta kuliko mimi, alikuwa ananisukumia Ryzen 9 5900X, kori 12 na thredi 24 (njia za kazi zinazoweza kwenda kwa pamoja). Hii yangu ina kori 6 na thredi 12. Kwenye kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, hasa ukiongeza kazi ya kuondoa chenga za video za usiku, ile inaiacha yangu mbali, wala sibishi. Lakini kurenda naiwasha nikienda kulala. Saa zangu zinaliwa na kukata: kutafuta pale mama mzazi alipofuta machozi, pale maulidi yalipopamba moto, kwenye singo, ndoa na walima vilivyorekodiwa na kamera mbili. Kwenye Premiere Pro, programu ninayoeditia, klipu hizo nazicheza moja kwa moja bila kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia. Nikipanga kamera mbili pamoja na kuweka rangi juu yake, hapo inaanza kusitasita, nashusha ubora wa kuonyesha hadi nusu, naendelea.

Sasa hiyo herufi F. Kuna i5-12400 na kuna i5-12400F. Kori ni zilezile, ila F haina grafiki, maana yake haina Quick Sync. Ni rahisi kidogo, ndiyo maana imejaa kwenye kompyuta za kuungwaungwa za gemu. Mzigo wangu niliuagiza duka moja la Dar, risiti ikasema 12400, boksi nililopokea stendi ya Kange lina F. Nikapiga simu. “Bosi, ni ileile, hiyo herufi haina kazi.” Nikamrudishia kwa basi lililokuwa linageuza. Bei sitaji, zinabadilika kila mzigo ukiingia, lakini tofauti ya hizo mbili haifiki thamani ya usumbufu wake.

Na ukiwa nayo yenye grafiki halafu ukachomeka kadi nyingine, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla Windows haijawaka) uangalie. Ubao mama mwingine unaizima grafiki ya ndani ukishaona kadi, na hapo Quick Sync inakuwa kama haipo. Kwenye wangu ni sehemu iliyoandikwa iGPU Multi-Monitor, nikaiwasha. Fundi aliyeiunga hakuwa na habari nayo.

Picha sina mengi. Faili za RAW (picha ghafi za kamera) za megapikseli 33, programu ya Lightroom inazifungua haraka, kupaka na kufuta hakuchelewi, maana hapo kinachotakiwa ni kasi ya kori mojamoja, na hii inapanda hadi 4.4 GHz. Panapoumiza ni ile Denoise, ya kuondoa chenga za picha kwa akili mnemba. Kazi ile inataka kadi ya picha hasa, kwa hii grafiki ya ndani picha moja inakula dakika kadhaa. Mpiga picha anayefanya hivyo kwa picha mia mbili kila wiki, hela yake aiweke kwenye kadi kwanza, prosesa baadaye.

Sauti ndiyo iliyonishangaza. Anaporekodi mtu anataka ajisikie kwenye hedifoni papo hapo. Kwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde), bafa, yaani kipande cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchakatwa, ya sampuli 128 inachelewesha chini ya milisekunde 3. Ukiipandisha hadi 1,024 ni kama 21, na muimbaji anaanza kulalamika kwamba sauti yake inamfuata nyuma. Bafa ndogo inaipa prosesa nafasi ndogo ya kupumua, na efekti zilizopangwa mstari mmoja kwenye traki moja zinafuatana, haziwezi kugawanywa kwa kori 12. Kwa hiyo hapa pia kasi ya kori moja inashinda wingi. Kwenye Reaper, programu ninayorekodia, nabaki 128 nikiwa na sauti za kikundi kizima, bila mikwaruzo.

Halafu kuna joto letu hili. Nikirekodi nazima panga boi na AC, la sivyo maikrofoni inazinasa. Mwezi wa pili, madirisha yamefungwa, watu saba wa kaswida ndani, ubeti wa tatu ukifika kila mtu anatota jasho. Kompyuta ya mwanzo, ya kuazima, hapo feni ilikuwa inaanza kuvuma na inasikika kwenye rekodi. Hii ni ya wati 65, ingawa ikiachiwa inaweza kuvuta hadi 117. Kwenye BIOS nimeibana isivuke 65, nikaweka kipoozeo chenye feni kubwa inayozunguka polepole. Kurenda kumerefuka kidogo. Ubeti wa tatu unatoka safi.

Kama kamera yako bado inarekodi biti 8 ya kawaida, usihangaike na haya yote. Zile za ofisini zilizotumika, zenye i7-8700 ya kizazi cha 8, zinakata harusi vizuri na Windows 11 inazikubali. Za kizazi cha 6 na cha 7 ziache hata wakikupunguzia, karibu zote Windows 11 haizitaki, na Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025. Ukifika dukani usisome stika ya nje. Mwambie aiwashe, fungua Task Manager, upande wa Performance, usome jina zima la prosesa mpaka herufi ya mwisho.