Injekta za Hilux, Birere: wanapima kwanza

Wenye Hilux D-4D ya injini 1KD, ile ya dizeli ya lita 3.0, wanaotaka gari lipande mlima kwa nguvu: kuna duka la vipuri Birere, hapa Goma, lenye chumba cha kupimia kwa nyuma. Pale hawakuuzii nozo kubwa (ncha za injekta zinazopuliza mazutu, yaani dizeli) kabla hawajapima ulizonazo.

Mimi nabeba viazi na jibini ya Masisi. Fundi alifunga vichupa kwenye mirija inayorudisha mazutu, akawasha injini. Vichupa vitatu vilipanda sawa. Cha silinda ya pili kikajaa mbio.

"Papa, nguvu yako inarudi kwenye tanki."

Akaweka injekta moja iliyotengenezwa upya, akaingiza kodi yake, yaani namba yake ya utambulisho, kwenye kompyuta ya gari. Ukinunua kwingine, ulizia hilo kabla hujatoa pesa: kila injekta ina kodi yake kichwani, na kompyuta isipoijua, kipimo cha mazutu hakilingani.

Kuhusu nozo kubwa alinijibu kifupi. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni hafifu. Ukiongeza mazutu bila kuongeza hewa unapata moshi mweusi, joto la ekzosi linapanda, pistoni inaungua. Anayetaka nguvu aanze na turbo na chujio la hewa, hasa kwa vumbi letu hili la lava.

Kilichonivutia zaidi ni pompa ya oili. Taa ya oili ilikuwa inamemeteka gari likisimama, nikaomba pompa ya kusukuma oili nyingi. Wakakataa kuiuza, wakafungua karta, bakuli la oili chini ya injini. Washa za shaba, zile pete za kuziba chini ya injekta, zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, na masizi yanaziba kichujio pale pompa inaponyonyea. Changu kilikuwa kimegandamana kama sombe iliyoungulia chini ya sufuria. Pompa ilikuwa nzima kabisa! Na beringi zikiwa zimelika, presha inaendelea kushuka hata uweke pompa kubwa. Wakasafisha, wakaweka washa mpya zote nne, taa ikazima.

Kasoro zipo. Foleni ni ndefu, risiti hupewi mpaka uidai, na dola iliyochanika hata kidogo pembeni hawaigusi. Bei ni ya Birere, mnaelewana. Nendeni asubuhi, kabla malori hayajaziba mlango.