Kutoka IST hadi Harrier: gari tulivu linavyomtaka dereva awe macho

Baada ya kuendesha Toyota IST kwa miaka mingi, nimetumia Toyota Harrier ya kizazi cha pili, yenye injini ya lita 2.4, kwa muda wa kutosha kuweza kuieleza kwa haki. Mtaani husemwa kwamba wenye Harrier wana kiburi barabarani na wenye IST wana papara. Kwa niliyoyaona, tofauti kubwa imo katika yale ambayo gari humweleza dereva wake, au humficha.

IST haina siri. Ukifika kilomita 100 kwa saa, upepo unavuma milangoni, usukani unakuwa mwepesi, na basi likikupita unasukumwa pembeni. Mwili wenyewe unakuambia upunguze mwendo. Harrier, yenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu ilhali IST ina takriban tani moja tu, huufikia mwendo huohuo kimyakimya, na kwa kuwa dereva amekaa juu, lami huonekana kupita taratibu kuliko ilivyo. Kati ya Chalinze na Morogoro nimezoea kutupia jicho dashibodi kila mara, kwa sababu ndani ya gari hili 80 na 100 zinasikika sawa, ingawa nguvu ya mwendo ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Nguzo za kioo cha mbele nazo ni nene. Nikikaribia mzunguko wa Msamvu, bodaboda nzima pamoja na abiria wake huweza kufichwa na nguzo ya kulia, upande uleule ambao magari yenye haki ya kupita yanatokea, hivyo husogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuachia breki. Nikiteremka Kitonga nikitoka Iringa, huishusha gia mwenyewe hadi kwenye 2, kwani gari limetulia kiasi kwamba ukiliacha kwenye D unaweza kukanyaga breki mteremko mzima bila kuhisi zinavyopata moto, mpaka harufu ikufikie. (Ile sauti ya Kijapani inayoulizia kadi ya kulipia barabara za Japani kila unapowasha gari, mwombe fundi aizime mapema.)

Mafuta inakula kuliko IST, hilo halina mjadala. Kwa safari ndefu mgongo hauchoki, na ningeinunua tena. Mdogo wangu, ambaye amepata leseni hivi karibuni, ameshaniomba ufunguo wa Harrier ili aende nayo Dodoma; kwa sasa namwachia IST.