Cherehani ya Singer ya kukanyaga aliyoniachia bibi, mwaka mzima naitumia

Wadau nilikua natafuta maoni ya mtu anayetumia Singer ya zamani, sikupata, basi naandika mwenyewe. Yangu ni 15K ya kukanyaga, hiyo K ni ya kiwanda cha Clydebank kule Scotland ambacho kilifungwa 1980, kwa hiyo mpya hupati, ni kurithi au kununua mkononi kwa mtu. Mi nimerithi kwa bibi yangu, Tanga, Ngamiani, Allah amrehemu, katutoka mwaka jana kabla ya Ramadhani na alishasema mbele ya watoto wake wote cherehani ya huyu, asiiguse mtu.

Lazima nimseme bibi kwanza manake bila yeye hii cherehani huielewi. Aliinunua kwa hela ya mchezo, zamu yake ilipofika wenzie wakajua atanunua kitanda. Akaiweka barazani, siyo ndani, akashonea hapo miaka na miaka redio inapiga taarab za kikundi cha Black Star na ukitega sikio mguu wake unakwenda na ngoma kabisa. Foronya za Lala Salama kila nyumba zipo, ila yeye alikua anatunga maneno yake, bi harusi msemaji sana anadariziwa Nyamaza Ulale na mama mkwe anacheka mpaka anakaa chini. Anafanyaje, anatoa ule mguu unaobana kitambaa, anashusha yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa, kitambaa kipo kwenye fremu ya duara anakizungusha kwa mikono tu, hakuna kuchora hata kwa chaki. Mi mwaka wa kwanza huu herufi S bado inanipinda.

Sasa kazi yake. Mshono ulionyooka hii haina mpinzani, khanga, kitenge, jinzi mikunjo minne, inapita tu. Umeme hauhitajiki, nakumbuka usiku mmoja wa kuamkia Idi umeme umekatika mtaa mzima bibi kawasha kandili kaendelea, asubuhi sote tumevaa. Bobini zake, zile za uzi wa chini, ni za duara za kawaida, cherehani nyingi za Kichina zimeigwa kutoka hii hii kwa hiyo bobini na sindano unapata duka lolote la vifaa vya mafundi. Mafuta tone moja moja kila kitundu, mara moja kwa wiki ukiwa unashona kila siku.

Ukiwa mgeni itakukatia uzi sana, na kosa siyo la cherehani, ni mguu, ukianza kukanyaga vibaya gurudumu linarudi nyuma. Bibi alikua analipiga kofi dogo gurudumu lije upande wake KWANZA, halafu ndo mguu. Nilipigwa mkono mimi mpaka nikajua.

Isichoweza: zigizaga hakuna, matundu ya vifungo unashona kwa mkono, ovaloki unapeleka kwa fundi mwingine, na vitambaa vya kuvutika kama vya jezi inaruka ruka. Nzito mno pia, kuihamisha ilichukua wanaume watatu na bado mmoja kabanwa kidole. Mkanda wa ngozi unalegea, unaufupisha kidogo unarudishia pini yake.

Na muwe makini na mafundi jamani. Niliipeleka kwa mmoja hivi aisafishe, ikarudi inakusanya uzi chini kama kiota, kumbe kasha la bobini siyo lenyewe, kabadilisha. Nilirudi kwake mara tatu mpaka kalitoa. Halafu alitaka kuipiga rangi iwe kama mpya, nikakataa palepale. Zile nakshi za dhahabu zimefutika sehemu moja tu, kushoto, pale kiganja cha bibi kilipokua kinalala akisukuma kitambaa, na mkono wangu ukiuweka unaenea palepale. Unipigie rangi hapo?

Kwa anayeuliza kama nauza, siuzi. Ila kama kwenu ipo moja imewekwa stoo na watu wanataka kuipeleka kwenye vyuma chakavu, nakusihi itoe, itie mafuta ya kutosha, iache ilale usiku mmoja, kesho ijaribu.

Bibi alikua anatushonea wajukuu magauni ya jora moja ila mfuko wa kila mmoja tofauti, samaki, embe, mwezi, ili tusigombanie. Idi hii nimeshona 11. Mtoto wa dada kataka mfuko wa bajaji, nimekaa nao jioni nzima, na matairi matatu yote yametokea.